Mrija wa Tatu

Engwau aliniletea msimbo wake Jumatatu,
umechapwa, umebanwa pini, kurasa mia moja na nane.
Akauweka mezani kama mtu amwekeaye mgeni sahani ya karanga:
kula, dada, hazina mchanga.

Kazi yangu ni kutafuta mchanga.
Yeye huandika, mimi sikubali.
Aliyepika asiwe yeye wa kuonja.

Hapa Soroti jua huingia ofisini bila hodi.
Nje wanafunzi wanapaa, wanagusa lami, wanapaa tena,
na kila wakipita, kikombe changu kinatetemeka.

Mirija mitatu chini ya bawa huonja upepo.
Kompyuta huiuliza: tunakwenda kasi gani?
Miwili ikikubaliana, wa tatu hupuuzwa.
Sharti namba kumi na saba. Wengi wape.

Wiki tatu nilipima.
Nilipita kila tawi, kila *kama*, kila *la sivyo*,
nikatia alama ya kijani kando ya mstari,
umeme ukikatika naendelea kwa penseli.
Nilimkuta na kosa moja tu:
ameandika *ndogo kuliko* palipotaka *ndogo au sawa*.
Akarekebisha huku akicheka. Tukanywa chai.

Ijumaa Mhandisi Katumwa akapiga simu kutoka Entebbe.
"Amoding, zote kijani? Tia sahihi basi."
Nikasema Jumatatu. Sijui kwa nini nilisema Jumatatu.

Jumamosi nilipita bandani kuchukua mwavuli wangu.
Nyigu. Mmoja tu, kiuno uzi,
donge la udongo mdomoni.
Akaingia mrija wa kwanza, akatoka mtupu,
akarudi kuchota penye bomba linalovuja.
Nikachuchumaa, nikamulika kwa simu.
Wa pili alikwisha kuumaliza,
ameusiliba kuliko ukuta wa jiko la mama.
Wa tatu ulikuwa mzima, umevaa kifuniko chake chekundu.

Nikakaa sakafuni, penye harufu ya petroli.

Miwili iliyozibwa itasema: kasi ni sifuri.
Itakubaliana. Waongo wawili, sauti moja,
na mkweli atatolewa kwa kura.
Msimbo wa Engwau utatii neno kwa neno,
kijani juu ya kijani,
utaisukuma pua ya ndege chini
kumwokoa rubani na hatari isiyokuwepo.

Hakuna mstari uliokosea.
Kosa lilitangulia msimbo, lilikaa ndani ya sentensi,
kwa mtu aliyeandika *miwili ikikubaliana*
akidhani makosa hayana undugu.
Mtu huyo ni mimi. Machi, mwaka juzi, alasiri,
nina haraka ya kuwahi basi la Mbale.

Engwau safari hii hakucheka.
"Mirija ina vifuniko."
Inacho. Kimoja. Viwili vimepotea tangu Pasaka.
"Na rubani huchungulia kabla ya kuruka."
Huchungulia. Apolot ana miaka kumi na tisa,
na siku hiyo ana mtihani.

Katumwa alipopiga nilimweleza habari ya mdudu.
Kimya. Kisha:
"Unataka niwaandikie wakubwa kwamba nyigu..."
"Ndiyo. Mtaje kwa jina. Huku tumeshampa namba."

Sharti la kumi na saba, toleo la pili:
miwili ikikubaliana kwamba ndege imesimama
ilhali injini inavuta na ardhi inakimbia,
usimwamini yeyote. Washa taa.
Mwachie mtu usukani.

Sentensi tatu. Zimezaa majaribio sitini na manne,
na karatasi zote za kijani zimerudi nyeupe.
Engwau anaandika upya, hasemi nami sana.

Sijatia sahihi.
Apolot amechungulia mlangoni, kofia kwapani,
anauliza itakuwa lini.
Nimemwambia akachungulie mirija.
Yote mitatu, nimesema. Hata wenye kifuniko.