Ikiwezekana

Mama aliwaambia majirani wa Shela
kwamba likizo hii nitashinda chumba cha upasuaji.
Sikumsahihisha.
Ningemwelezaje kuwa koti jeupe limebaki msumarini
na mimi, mwaka wa nne wa udaktari,
nimepewa kiti chenye mguu mmoja mfupi
katika ofisi ya mipango ya afya, Malindi, ghorofani,
juu ya duka la vitenge,
feni ikikohoa kuliko mgonjwa yeyote niliyepata kumpima?

Bwana Thoya hakunipa mgonjwa.
Alinipa daftari la walioumwa na nyoka,
miaka miwili, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
"Hapa saa ya kuumwa. Hapa saa ya kufika.
Toa."
Akaenda mkutanoni.

Basi nikatoa.
Si kutoa jino, si kutoa sadaka:
kutoa kwa penseli, kama mtoto wa darasa la tatu.
Garashi, saa tano njiani.
Chakama, tisa.
Adu, kumi na sita: Nyevu, miaka minane,
bafe, mguu wa kushoto, akiokota kuni.

Mguu ule niliujua.
Siku ulipokatwa nilikuwa nimeshika trei,
na jioni nikaandika ripoti kwa mwandiko mzuri:
*mgonjwa alichelewa kufika.*
Nikapata alama nane kwa kumi.
Alichelewa!
Kana kwamba Nyevu alikuwa akisukwa nywele.

Zahanati ya kwao ina jokofu la umeme wa jua,
zima, linanguruma,
kando ya chanjo pana nafasi ya chupa mbili.
Na waraka upo, una muhuri:
*zahanati zitahifadhi dawa ya sumu ya nyoka, ikiwezekana.*
Nimekariri mifupa mia mbili na sita ya mwanadamu.
Hakuna hata mmoja
uliobebeshwa mzigo kama neno hilo.

"Nani aliliandika?"
Bwana Thoya alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.
"Kamati. Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri inakaribia.
Mmoja akauliza gharama, mwingine akasema, tutie ikiwezekana.
Tukapitisha."
Akakoroga tena.
"Nami nilinyoosha mkono."

Barua yangu niliiandika mara saba.
Ya kwanza aliirudisha kabla hajafika mstari wa tatu:
"Usiniandikie kilio, mwanangu. Kilio hakina bajeti.
Andika bei."
Nikaandika bei ya chupa.
Nikaandika bei ya mguu:
siku thelathini na nne kitandani, shashi, damu,
na magongo,
ambayo mtoto huyazidi kimo kila mwaka
mpaka atakapokoma kukua.

Ilipanda ngazi, ikashuka na wino wa kijani.
*Lazima* yangu imekatwa.
Zahanati tatu, kwa majaribio.
Adu haimo.
Nililia chooni, kisha nikanawa,
kisha nikaomba nakala.

Sasa nimerudi wodini. Wenzangu wameshachagua:
huyu macho, yule mifupa, Rukia watoto.
Fomu yangu ina nafasi tupu.
Wananiita daktari wa barabara
kwa sababu simuulizi mgonjwa panapouma tu;
namuuliza pikipiki ililipwa na nani,
zahanati ilikuwa wazi au kufuli,
na mto ulikuwa umejaa kiasi gani.
Profesa hutazama saa yake.
Mama bado anasubiri chumba cha upasuaji.

Juzi usiku, zamu yangu,
baba mmoja alimlaza kijana wake, akavua kofia.
Nikauliza wametoka wapi, wametoka lini.
"Adu. Tumekuja ilivyowezekana, daktari."

Nilikimbilia jokofu kwanza.
Lakini neno lake nililiandika, vilevile alivyolisema,
pembeni mwa faili,
pasipo na safu.