Hakutapatapa

Waliotutangulia walisema: mfa maji haachi kutapatapa.
Nami nikauweka msemo huo
kama chumvi kwenye kifuu, juu ya dari,
nikijua siku nikiuhitaji nitaukuta.

Ilikuwa bamvua, Maziwang'ombe.
Maji yalirudi mapema kuliko hesabu yetu.
Tulibakisha mafundo machache ya mwani,
Bimize analaani bei ya kilo,
Raya anauchokonoa mwiba unyayoni,
na Mkasi, mtoto wa Kaije, miaka tisa,
amesimama ng'ambo,
pale mchanga unapokatika ghafla.

Amesimama. Ndivyo nilivyoona.
Maji midomoni, uso umeelekea juu
kama anayengoja tone la mvua.
Ushungi umemfunika jicho
na hakuuondoa.
Mikono kaitandaza ubavuni,
anayakandamiza maji, anayakandamiza,
kama akandaye unga wa maandazi.

Nikampungia.
Mungu anisamehe, nilimpungia,
nikarudi kwenye fundo langu.

Mkasi yule! Anayeongea hata akitafuna,
ambaye chuoni amepigwa bakora
kwa kumsahihisha mwalimu.
Kilichonigutusha ni kimya chake.
Nikaita: "We Mkasi! Kwema huko?"
Mdomo ukazama. Ukatoka. Ukazama.
Kila ulipotoka ulikuwa na kazi moja,
kuiwahi pumzi;
ya kunijibu haikubaki.
Macho yalikuwa kwangu, na hayakuniona.

Msemo haukunitajia hayo.

Raya kashatupa kanga, anajitosa.
Nikamdaka kiuno. Akanipiga kiwiko,
alama ninayo hadi leo.
Lakini mie nilikuwepo siku ya Shaame,
kaka wa Kaije huyu huyu,
aliyekuwa akivuka mkondo kwenda na kurudi
kwa kujifurahisha tu.
Alimfuata mtoto wa jirani, akamkumbatia,
na nikaona alivyogeuzwa ngazi.
Hapo ndipo mfa maji anapotapatapa:
akishaipata shingo yako.
Tulizika wawili alasiri moja.

"Si mkono, Raya! Kitu! Tafuta kitu!"

Dumu. Lile la njano la mafuta ya kula,
tupu, kifuniko kimekazwa,
linaloeleza kamba zetu.
Bimize alilikata kwa kisu cha mwani
na kamba yake ndefu nyuma.
Nikaingia hadi mapajani, hapo nikakita miguu,
wao wawili wameshika kanga
niliyojifunga kiunoni.
La kwanza halikufika.
La pili lilimpita begani;
nikalivuta, taratibu, mikono inatetemeka,
hadi likamgusa kwapani.

Mikono ikaacha kukanda.
Ikalikumbatia dumu kwa nguvu zile zile
zilizomtia Shaame kaburini.
"Lishike, mama. Usiliachie. Nakuvuta."
Sijui kama alisikia. Niliendelea kusema.

Mchangani alikohoa, akatapika,
tukamlaza ubavu, tukamvua nguo zilizolowa,
tukamfunika kanga zetu zote.
Baada ya muda akaomba muhogo.
Kaije, machozi na kicheko,
akataka kumpeleka nyumbani. Nikakataa:
maji yaliyoingia kifuani hayapigi hodi mara mbili.
Wakapakiwa pikipiki ya Hamad hadi hospitali ya Micheweni,
akalala huko usiku kucha, anaangaliwa pumzi.

Sasa dumu moja halifungwi mwani.
Linaning'inia kwenye kigingi cha kwanza
na pima kumi za kamba,
na ole wake atakayelichukua kutekea maji.

Na mie nimekuwa kero ya pwani.
Nafunga mafundo matano, nainua kichwa, naita:
Raya! Bimize! Mkasi!
Nikiita, nijibuni.
Mkasi amechoka na mimi, ananifokea,
"Nipo, bibi, nipo, mbona hunyamazi?"

Nifokee, mwanangu.
Hata tusi nalipokea.