Shimo la Saba, Shamba la Vatsalabai

Mei, nyanda za Marathwada. Pamba ilishachumwa,
na shamba la Vatsalabai limepasuka vipande vipande.
Nyufa zapitisha kiganja.
Nilishusha fimbo ya mita kupima kina;
ikamezwa, nikabaki nimeshika hewa.

Mimi karani wa udongo tu: daftari,
kitabu cha rangi, kichupa cha asidi, sururu ya kuazima.
"Chimba pale," akasema. "Hapo
ndipo palipokula kikuku changu, mwaka nilioolewa."

Juu, sentimita ishirini: chembechembe
kama ulezi uliomwagika. Udongo huu hujilima wenyewe.
Kisha mabonge, magumu, kingo zake kali
(na kwa lugha yao udongo mweusi ndio huitwa kali;
hapo sikuhitaji mkalimani).
Nikatema mate kiganjani, nikafinyanga uzi,
nikaupinda ukawa pete. Haukukatika.
Niliandika: mfinyanzi, zaidi ya nusu.

Themanini. Hapa kuta zimesuguana hadi zikang'aa,
zimelala mshazari, zina michirizi,
kama kizingiti kilichokaliwa na vizazi.
Ndipo ardhi inapojigeuza usingizini:
ikinywa yavimba, ikikauka yajikunyata,
cha juu kinatumbukia, cha chini kinasukumwa juu,
bila haraka, bila kumwomba mtu ruhusa.
Vijiwe vya chokaa vilitoa povu chini ya asidi.

"Umeuweka fungu gani?"
Vertisoli, nikasema. Udongo unaojipindua.
"Na nyumba yangu? Ina ufa kutoka dirishani
hadi kwenye msumari wa picha ya marehemu.
Hilo nalo lina fungu?"

Wahenga wangu walisema usipoziba ufa...
Hapa ufa huzibwa na mvua,
na ukuta ndio unaokwenda.
Juni ikifika, akanieleza, tuna siku tatu za kulima.
Kabla yake ni jiwe. Baada yake ni gundi,
fahali huacha nguvu zake zote matopeni.

Kikuku sikukiona.
Nilipofikia mita moja na nusu, sururu ilileta
kifungo cha shati, cha shaba, matundu manne,
uzi bado umo katika mawili.

Alikifuta kwa ncha ya sari, akakigeuza juani,
kisha akakiachia kwenye ufa wa jirani.
Hatukusikia kikitua.
"Si changu," akasema. "Mwenyewe atakuja kukiulizia."