Nusu ya Tangi

Gurnek alifika kwa kuvutwa na trekta la Wasylenko,
lori zima na dengu zake tani ishirini na tano,
limekaidi kama fahali aliyenusa machinjio.
Nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ukitema mate, yanatua kokoto.

"Linazima likipanda," akasema,
"kilima cha Qu'Appelle, katikati, palepale.
Leo linazima, kesho linapanda likiimba."
Akatoa risiti kifuani, zimekunjwa kama hirizi:
Regina wamembadilishia pampu.
Moose Jaw wamembadilishia nozeli, zote sita.
Brandon wameunganisha kompyuta, kompyuta ikasema haijui,
wakamtoza kwa kutojua.

Mimi sikio la kushoto lilikufa mwaka lilipopasuka tairi.
Basi huweka ncha ya bisibisi kwenye injini
na mpini kwenye taya,
mlio ukapanda kwa njia ya mfupa.
Silinda ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.
Ya tano inagonga kidogo, lakini huo ni uzee,
na uzee si ugonjwa, nami naujua.

Moshi? Mweupe, kisha hakuna.
Chujio nikalikata kwa msumeno, nikalikunjua:
halina maji, halina kutu,
wala ile nta ya baridi inayogandisha dizeli ikawa samli.
Safi.
Usafi wenyewe ukanitia wasiwasi.

Nikamuuliza swali ambalo risiti hazikuuliza:
"Linapozima, tangi lina kiasi gani?"
Akasukuma kilemba kwa kidole kimoja.
"Nusu. Chini ya nusu."
Kisha polepole, kama mtu anayehesabu madeni:
"Likiwa limejaa... halijawahi."

Nikachukua mpira unaoonyesha ndani,
ule wa kukamulia ng'ombe, niliouomba kwa Wasylenko,
nikalifungua bomba litokalo tangini, nikaupachika hapo.
Tukawasha. Dizeli ikapita, rangi ya chai hafifu,
imetulia, haina la kusema.
Tukachota ndoo kwa ndoo
mpaka geji ikashuka.

Kiputo kimoja.
Kikapita kama samaki mdogo asiye na haraka.
Kisha viwili. Kisha msafara.
Injini ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena.
Gurnek akainama mpaka ndevu zikagusa mpira,
akatamka kwa Kipunjabi neno ambalo sikuhitaji kufasiriwa.

Tulipolichomoa bomba la kufyonzea
ufa ulikuwa pale, katikati,
unywele uliolala juu ya chuma.
Dizeli ikiwa juu yake, umefunikwa, unanyamaza.
Ikishuka, bomba linavuta hewa,
na hewa haiwaki.
Kilimani mafuta yakikimbilia nyuma, ndiyo kabisa.

"Hili tu?"
"Hili tu."
Akakaa juu ya tairi la akiba.
Ili alipe pampu aliuza trela lake la pili.
Ili alipe nozeli, bintiye Jasleen aliahirisha muhula wa chuo.
Hakulia. Alicheka mara moja, kicheko kifupi chenye pembe,
akaomba maji ya moto, akayashika tu, hakuyanywa.

Bomba jipya, dola thelathini na nane.
Nikashika kalamu juu ya ankara, nikakwama.
Kuuliza kwa muda wa saa nne, unakuandikaje?
Nikaandika bomba. Nikaandika mpira, nikaufuta,
maana mpira ni wa ng'ombe wa Wasylenko.
Saa nikaandika mbili.

Hakutaka kujaza mafuta.
Aliondoka na robo ya tangi, makusudi,
akaelekea kilimani.
Nikasimama mlangoni, nikageuza sikio zima:
gia ya nane, ya saba, ya sita,
hapo ndipo palepale pake,
ya tano,
na mlio haukukatika, ulififia tu kwa umbali,
au ndivyo nilivyotaka.
Nikagusisha bisibisi kwenye nguzo ya mlango, mpini tayani,
nikitafuta kama ardhi iliyoganda
bado inaleta chochote.