Dhiraa Nne

Musembi hauzi maji, anauza dakika.
Shilingi nne kila dakika, mpira ukiwa mkononi mwako,
saa ya plastiki imening'inia msumarini,
nami juu ya kreti la soda naandika majina.
Hapa Mukuru maji huja usiku wa Jumatatu
kama mgeni mwenye aibu.
Saa kumi na mbili alfajiri tangi limejaa, dhiraa nne kamili,
na foleni imeshapita choo cha kulipia
hadi kwa fundi wa viatu.

Wa kwanza wanacheka. Maji yanaruka,
nusu dakika tu, jerikani linafurika
kabla hujafunga leso vizuri.
Saa tatu na nusu Kwamboka anafika, ametoka zamu ya usiku kiwandani,
jerikani lile lile, lita zile zile ishirini,
na mpira unatoa maji kama mtu anayelipa deni.
Dakika moja. Mbili. Tatu.
Nne.
"Andika," anasema Musembi.

Jioni, darasani, mwalimu Achola alikuwa ametuambia:
vigeugeu viwili vikikaa chumba kimoja
havisemi ukweli.
Vitenge kwanza, ndipo uvisikilize.

Nikageuza daftari la wadeni, nikaandika nyuma yake:
kasi ya kushuka hufuata kipeuo cha kimo.
Kimo na watu wake upande huu,
muda peke yake upande ule,
alama ya usawa katikati kama ukuta wa mabati.
Kisha ile alama ndefu, shingo ya korongo wa jalalani,
inayookota haba na haba hata kibaba kijae.
Mara mbili ya kipeuo cha kimo
ni C kutoa saa zilizopita.

Na C? C ni pale ulipokuwa
hesabu ilipoanza.
Alfajiri kimo ni nne, kipeuo mbili, mara mbili, nne.

Saa mbili za kwanza: jerikani mia na themanini.
Saa mbili za mwisho: sitini.
Nikarudia, nikidhani nimeangusha sufuri mahali.
Hapana. Hakuna aliyebana mpira,
hakuna aliyegusa mshale wa saa.
Wizi ulikuwa umekaa ndani ya kipeuo,
kimya, umevaa nguo safi.

Nikampa Musembi karatasi.
Aliisoma akiwa ameishika kichwa chini miguu juu,
akaigeuza, akauliza tu:
"Huyu wa mwisho hulipa ngapi?"
Kumi na sita.
"Haya, Syombua. Nimekusikia."

Jumanne iliyofuata msumari ulikuwa mtupu.
Chini yake kadibodi, maandishi ya mkaa:
JERIKANI 16. WOTE.

Kwamboka alisoma polepole, akacheka
hadi akaliegemea tangi.
"Mwanangu," akasema, akitafuta sarafu kwenye pindo la leso,
"huo mlinganyo wako umefanya kazi.
Tumelingana."