Penye Wengi

Mimi ni mtu wa valvu. Wenzangu wana shahada,
mimi nina spana namba kumi na tatu
na sikio linalojua pampu ya ombwe inapoanza kukohoa.
Tuko chini ya ardhi, Vilnius, mwezi wa pili.
Juu yetu theluji imezilemea nyaya za mabasi ya umeme;
humu hakuna majira, kuna saa za mashine tu.

Živilė ana swali kuhusu atomu moja.
Analiuliza kwa leza, kwa mapigo mafupi mno:
gawa kufumba na kufumbua mafungu bilioni mia,
kila fungu bado litalizidi pigo lake kwa urefu.
Pigo linatua. Zenoni inaachia elektroni,
elektroni inakimbia bombani hadi kwenye kitambuzi,
na kwenye skrini vinasimama vilele
vyembamba, vimepangana kama meno ya kitana,
kila jino likimzidi jirani yake kwa fotoni moja.

Wiki ya tatu kitana kikafumuka.
Meno yakanenepa, yakateleza, yakagusana.
Akalaumu kitambuzi. Akalaumu umeme wa jengo.
Akanilaumu mimi, kwa adabu,
akiuliza kama nilikula samaki wa moshi karibu na mashine.
(Nilikula. Lakini siyo hiyo.)
Tulifungua kila skrubu, tukasugua kwa spiriti,
tukafunga, tukasubiri ombwe lirudi, siku mbili.
Hesabu yake ya atomu moja ilikuwa sahihi.
Aliirudia mbele yangu kwa kalamu nyekundu,
kana kwamba mimi ndiye wa kushawishiwa.

Usiku wa nne nilibana valvu robo mzunguko.
Sikuwa na wazo lolote, nilihurumia mtungi:
zenoni ni ghali kuliko mshahara wangu.
Meno yakarudi, makali.
Nikafungua. Yakanenepa.
"Rudia," akasema, bila kugeuka.
Nikarudia mpaka kiganja kikanuka shaba.

Elektroni moja ikitoka, inatoka na safari yake.
Zikitoka milioni kwa pigo moja
zinaacha nyuma ioni milioni zinazozidai.
Za mbele zinasukumwa na za nyuma,
za nyuma zinashikwa ukosi na walioachwa.
Ongeza gesi, ongeza tena,
na hazikimbii kabisa: zinayumba,
zote, huku na huku, kwa mdundo
usioandikwa ndani ya atomu yoyote.
Hata nuru iliyozizalisha, ikipita katikati yao,
inapinda, inatawanyika,
inatokea upande wa pili imeegemea bluu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
usiku ule wa Januari tulipojaa barabarani, wa kwanza mwaka tisini na moja.
Vijana wa maabara huniuliza: ulifanya nini?
Nami natafuta kitenzi kinachoanza na ni-, sikipati.
Tulisimama. Tulisogezwa. Tuliimba vibaya.
Kuna dakika miguu yangu haikugusa lami,
na sikuwa naruka.
Mwanamke mmoja aligawa chai kutoka kwenye chupa,
kofia yake ya kijani, hilo nalikumbuka mwenyewe.
Mengine yote ni ya tu-.

Sikumwambia Živilė hayo. Alikuwa anaandika.
Alikata kichwa cha ripoti yake, akaacha mstari mtupu,
akala kipande cha mkate mweusi kwa kusahau
kwamba amekataza kula humu.

Kisha akaja kwenye mtungi, macho mekundu,
miezi mitano ya swali lake imemwagika sakafuni,
wala hakuonekana kuililia.
"Fungua zaidi," akasema.
Nikamwonyesha geji. Akaiona.
"Fungua."

Nikafungua.