Namna ya Kupigwa

Mexicali, Agosti. Barabarani lami inashika soli za viatu.
Karakana ya mashine za kufulia ya Don Eleuterio
leo haifui wala haitengenezi:
juu ya mashine zilizokufa tumepanga televisheni nane za chogo,
maana zile bapa huchelewa,
na humu ndani kuchelewa nusu kope ni kuzikwa.

Mimi Nereo, miaka thelathini na sita,
bandeji kwenye kifundo cha mkono, roho moja iliyobaki.
Yeye Yaretzi, kumi na mitano,
vyuma menoni, roho mbili, huruma hana.
Madhara yangu yamefika asilimia mia na sitini na tatu.
Kwa kawaida mtu wa mia na thelathini
ni marehemu anayesubiri tangazo.

Wageni wa mchezo huuliza: unapiga vipi?
Hakuna anayeuliza: unapigwa vipi?
Mimi, kwa miaka kumi na minane,
hilo la pili ndilo nililosomea.

Kwenye mlango wa mashine moja ya kukaushia
niliandika kwa chaki, na hadi leo halijafutwa:

    Likija pigo la chini, kijiti kilaze kando,
    Usilijibu usoni, halisikii kishindo,
    Likupeleke pembeni, ambako mrefu mwendo,
    Utabaki mchezoni, ukifuata mkondo.

Pigo lenyewe halipungui hata chembe.
Unaliomba tu likupitishe njia ya mbali.

Kisha kuna ukuta.
Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, sawa,
lakini aliyerushwa ukutani je?
Huyo ana theluthi ya sekunde.
Abonyeze ndani yake, ukuta humdaka na kumsimamisha.
Abonyeze mapema, kwa woga, kidole hufungwa,
na ukuta humrudisha kwa mpigaji
kama barua isiyo na stempu.

Na mruko wa pili, usiuguse.
Hiyo ni hela ya kwenye pindo.
Nimezika vijana wengi walioitumia hewani
ili mashabiki waone kwamba bado wanatapatapa.
Anguka kimya. Anguka chini kuliko anavyotarajia.
Ukingo ushike dakika ya mwisho,
na kila mara urudi kwa mlango mwingine.

Yaretzi ananipiga. Nakwenda kona, narudi.
Ananipiga. Ukuta, kidole, nasimama.
Mia na themanini.
Abundio, mwenye kuuza maji ya tamarindi,
ameacha kuuza.
Mtu nyuma yangu anasema nina roho ya paka.
Nachukua roho moja ya Yaretzi, kwa teke dogo, la aibu,
naye anauma mdomo hadi vyuma vinaonekana.

Sitaki mniambie kwamba maisha nayo ni hivi hivi.
Kiwanda kilichotengeneza televisheni kama hizi
nilikichomelea nyaya miaka sita.
Asubuhi ya kufungwa kwake tulikuta kufuli na karatasi.
Pigo lile halikuwa na pembe.
Nilikuwa na lanchi mkononi, si kijiti.

Mia na tisini na moja.
Anakuja kwa kisigino, nakiona, naelekeza sawasawa,
sawasawa kabisa, hata leo naapa,
naruka kuelekea kona iliyo mbali kuliko zote,
na kona inaisha.

Makofi. Mtu anazima feni kwa bahati mbaya, analaaniwa.
Yaretzi hashangilii. Anageuza kiti.
“Ile ya mia na themanini,” anasema, “ulipaswa kufa.”
“Najua.”
“Kijiti ulikilaza wapi?”

Nikaweka kidole gumba chake chini ya changu,
nikamwonyesha.
Akanipiga tena mara kumi na moja
ili aone vizuri.